Sponji Niliyoichemsha

Mpendwa Shangazi, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana sasa nikisikia viatu vya mkuu wangu kwenye korido nageuza njia. Mimi ni karani wa masjala, mwezi wa tano kazini, na mkuu huyu, mama tunayemwita Bi Mhuri kwa kuwa hakuna karatasi inayotoka bila mhuri wake, tangi lake la samaki lilipata ufa, wale wadogo akawapeleka kwa dada yake, na mkubwa, anayemwita Mzee, aliyeachiwa na marehemu mumewe, akanikabidhi mimi kwa sababu, alisema, mimi ni mwangalifu. Akanipa na nusu ya sponji ya chujio, nusu nyingine ikiwa imeenda na wale wadogo; ya kahawia, inateleza, akasema, "Hii iweke kama ilivyo," nami nilipofika nyumbani nikaiona chafu mno, nikaichemsha kwa sabuni, nikajaza tangi jipya maji ya bomba, na jioni ile ile nikaongeza samaki wadogo sita wa dukani asije akaona upweke. Wanne wamekufa, maji yamekuwa na ukungu, na mkubwa anahema juu juu, mdomo wazi. Kila asubuhi mama ananiuliza, "Mzee wangu ameamkaje?" nami najibu, "Hajambo, mama, anakusalimia," anacheka, na mimi naenda kujificha kwenye mafaili. Jumamosi anakuja kumchukua. Dukani nimeona anayefanana naye. Nimnunue?

Karani mwoga

Mwanangu, usimnunue. Aliyemtazama samaki mmoja miaka yote atamjua hata kwa anavyogeuka. Pole kwa hofu, lakini uliambiwa uiache, ukaichemsha. Ule utelezi ndio uliobeba vijidudu vinavyokula sumu ya kinyesi cha samaki. Tangi jipya halinavyo; huchukua wiki kadhaa kuvipata, ndiyo maana anayeanza huweka samaki mmoja au wawili, akasubiri. Wewe umeweka saba siku moja.

Leo usiwape chakula. Toa robo ya maji, ujaze mengine yaliyotiwa dawa ya kuondoa klorini ya maji ya bomba, inauzwa hapo hapo dukani kwa samaki. Rudia kila siku. Chujio lisizimwe.

Hayo yatakupa siku chache tu. Kitakachomwokoa ni ile nusu ya pili ya sponji, nayo iko kwa dada yake Bi Mhuri, na huwezi kuifikia bila kupitia kwa huyo huyo unayemkimbia. Atakasirika, na ana haki. Kesho akikuuliza Mzee ameamkaje, usimpe salamu. Mwambie, "Mama, bado anapumua. Naomba sponji."