Wembe wa Siku ya Ijumaa

Chuo cha Ualimu,
Kakamega.
Alhamisi, 12 Mei 1966

Baba yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na Mama na wote walio nyumbani huko Mautuma. Natumai palizi inaendelea na mvua haijawazidi kama ilivyotuzidi sisi huku. Kifua cha Mama kikoje? Mwambie aimalize dawa aliyopewa hata akijisikia nafuu. Mimi mwilini ni mzima. Yaliyobaki ndiyo yaliyonikalisha na kalamu tangu asubuhi.

Katika barua yako uliniambia kwamba Sylvanus, mwana wa jirani yetu Mzee Hezekiah, amekaa nyumbani bila kazi, na kwamba wewe kama mzee wa kanisa ulimwondoa katika kuongoza kwaya kwa sababu ya yale niliyokuandikia mwezi wa tatu. Uliniuliza kama nina hakika na maneno yangu, maana baba yake hasemi nawe tena. Nitakujibu, ila naomba univumilie nianzie mwanzo, usije ukanisikia nusu.

Katika maabara yetu kuna tangi la vioo, refu kama meza ya kulia chakula. Mwalimu wetu wa sayansi, Bwana Vaghela, alilitengeneza mwenyewe. Ndani mna samaki wadogo, lakini alichokipenda hasa ni mimea. Ni mimea ya majini yenye mashina, aliyoitoa Mto Isiukhu na kuipanda kwenye changarawe shina moja moja. Mingine ina majani membamba kama nywele, mingine ina wekundu chini ya jani. Jua likiingia dirishani, majani hutoa mapovu madogo kama shanga, na wanafunzi hujifunza hapo jinsi mmea unavyojitengenezea chakula kwa mwanga.

Mwishoni mwa Januari Bwana Vaghela alisafiri kwenda India kumwona mama yake mgonjwa. Wiki hiyo mimi nilikuwa huko nyumbani, Mama alipolazwa. Niliporudi nikakuta Sylvanus ameshakabidhiwa kila kitu, nami nikaambiwa tusaidiane. Tulikuwa wasaidizi wawili wa daraja moja, na tulijua kwamba mwalimu akirudi atachagua mmoja wetu awe msimamizi wa maabara. Baba, tangu siku hiyo sikumtazama tena Sylvanus kama kijana niliyepanda naye mahindi.

Jumatatu moja niliona mimea imekuwa mifupi. Ijumaa iliyopita ilikuwa imefika juu ya maji. Sasa iliishia katikati, na ncha zake zilikuwa zimekatwa sawasawa kama kwa wembe. Sikumwuliza Sylvanus. Nilijiambia nikimwuliza atajihadhari. Baada ya wiki mbili ikawa vilevile. Nilichukua uzi nikapima shina moja moja na kufunga fundo penye urefu wake. Nilinyunyiza unga wa chaki sakafuni karibu na tangi nione nyayo za nani zitakanyaga. Zilikuwa za Sylvanus, naye hata hakujificha; lakini mtu aliyeingiwa na shaka, hata uwazi huuona kuwa ni ujanja.

Kisha mama Nabwire, anayesafisha madarasa, akaniambia bila kuulizwa kwamba huyu kijana hubebanga mkebe wa maziwa kila Ijumaa akienda chumbani kwake, na maji hudondokanga njiani. Basi nikajipa kisa kizima. Nikasema anaiharibu mimea katika zamu yangu ili mwalimu akirudi nionekane mzembe, na ile mizuri anaipeleka kwa watu wake. Siku moja aliniambia mimea hii isipokatwa hujiua yenyewe. Nilimjibu kwamba sijawahi kuona mahindi yakikatwa vichwa ili yakue. Alicheka, akasema haya si mahindi. Kicheko kile nilikihesabu pia kuwa ushahidi.

Jumatatu moja ya mwezi wa tatu nilikwenda kwa Mkuu wa chuo nikamweleza. Walifungua chumba cha Sylvanus wakakuta chombo cha kioo dirishani, kimejaa ncha za mimea ya chuo, zimepandwa kwa mstari. Hakuna aliyehitaji zaidi. Ilipangwa aitwe Alhamisi, nami usiku uleule nikakuandikia wewe kwamba ni mwizi.

Alhamisi Sylvanus alisimama mbele ya Mkuu akasema kwa utulivu kwamba Bwana Vaghela ndiye aliyemwagiza. Alieleza kwamba mimea ya mashina ikifika juu huziba mwanga, majani ya chini hupukutika, na shina huoza. Kwa hiyo hukatwa ncha chini kidogo ya kifundo, pale majani yanapoota, ncha hiyo ikapandwa upya, na kile kifundo ndicho hutoa mizizi. Alisema maabara ina kiza wakati wa mvua, ndiyo maana aliambiwa aweke akiba chumbani kwake, kwa kuwa dirisha lake linatazama mawio. Akasema mwalimu aliacha karatasi yenye maagizo hayo, ndani ya daftari la vifaa.

Daftari lililetwa. Karatasi haikuwamo, na mwalimu mwenyewe alikuwa bado India. Mkuu akanigeukia mimi.

"Navalayo, wewe ndiwe mwenye kutunza daftari. Umewahi kuiona karatasi hiyo?"

"Sijaiona, Bwana."

Sylvanus alinitazama, si kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina. Jioni alifungasha vitu vyake, akapita mlangoni pa maabara akaniambia nisisahau kuondoa majani ya chini kabla ya kupanda. Niliona ananidhihaki.

Alipoondoka, shaka haikuondoka naye. Mimea ilirefuka mpaka ikalala juu ya maji kama nyasi zilizokanyagwa. Chini pakawa peusi. Majani yalidondoka, mashina yakawa laini yenye utelezi, maji yakaanza kunuka. Nilimshuku mama Nabwire kwamba anatia sabuni. Nilishuku kwamba Sylvanus aliacha dawa kwenye changarawe. Niliwashuku hata wanafunzi. Nilibadilisha maji, nikabadilisha kufuli. Na wakati wote huo, Baba, nilijua la kufanya.

Nilijua kwa sababu karatasi ile niliiona. Niliikuta Jumatano, siku moja kabla ya Sylvanus kuitwa, nilipokuwa nikiandaa daftari. Ilikuwa na maneno yote aliyoyasema kesho yake, kwa mwandiko wa mwalimu: wembe, Ijumaa, kifundo, dirisha la Sylvanus. Na juu yake paliandikwa majina yetu sote wawili. Niliisoma mara mbili. Nilikuwa nimeshamshtaki, nimeshakuandikia wewe, nimeshaanza kujiona msimamizi. Nikaikunja nikaitia mfukoni, na nilipokuwa nikimjibu Mkuu, ilikuwa humo. Sina hakika ya kukupa. Hilo ndilo jibu la swali lako.

Kwa miezi miwili sikuthubutu kushika wembe, kwa kuwa mtu yeyote angeniona nikikata angejua kwamba najua. Niliacha mimea ioze ili uongo wangu uishi. Jumatatu wiki hii samaki walikuwa juu wakihema midomo wazi. Nikashindwa. Nilikunja mikono ya gauni, nikaanza kukata mchana kweupe, darasa likiwa limejaa. Mwanafunzi mmoja, Chemutai, binti asiyesema sana, alikuja karibu akatazama.

"Si hiyo ndiyo kazi iliyomfukuzisha Sylvanus?"

Nikamwambia ndiyo, ndiyo hiyo. Nilimaliza kupanda ncha zile chache zilizokuwa na uhai, nikanawa mikono, nikaichukua karatasi sandukuni mwangu nikampelekea Mkuu. Aliisoma akiwa amesimama. Hakunigombeza. Aliniambia nimkabidhi funguo. Jana alimwandikia Sylvanus arudi kazini, nami nimepewa hadi Ijumaa kuondoka.

Nitafika Jumamosi; barua hii naituma leo kwa basi ili initangulie. Tafadhali usitangulie kwa Mzee Hezekiah kuninenea. Nitakwenda mwenyewe, na kama atanifungia mlango nitaongea nikiwa nje. Jumapili naomba unipe nafasi kabla ya kwaya kuimba, niyaseme haya mbele ya wale uliowaambia. Najua wewe pia utaaibika, kwa kuwa uliniamini. Kwa hilo peke yake naomba unisamehe. Yaliyobaki si yako kuyasamehe. Sijui kama Sylvanus atakubali kurudi huku. Nimemwandikia kwamba mashina kumi na moja yamepona, nikamwambia yako upande gani wa tangi, ili akija asiyang'oe na yaliyooza.

Msomee Mama barua hii polepole, na umpe maji kwanza. Wasalimie majirani wote, na wale wasiopenda kusikia salamu zangu uwaache kwanza.

Ni mimi binti yako,
Navalayo