Mkanda wa Kifupi

Kwa Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa kwenye benchi lako la mlangoni, goti limetulia, na Dada anakugombeza kwa sababu hujameza dawa. Mama naye nampa shikamoo yake peke yake, asije akasema nimemchanganya kwenye salamu zako. Huku kwetu mama watoto hajambo, watoto hawajambo, wanakua na kumaliza viatu. Na mimi... Baba, barua zote husema "mimi ni mzima wa afya," na hayo maneno nimeyaandika mara mbili nikayakata mara mbili. Tuyaache kwanza.

Najua umenikasirikia. Dada ameniandikia kwamba umenipigia simu mpaka umechoka, kwamba nikipokea naitikia "ndiyo Baba, ndiyo Baba" halafu nakata, na kwamba umemwambia kuwa mimi mwanao siku hizi nimekuwa bwana mkubwa. Tangu mwaka uanze umeniuliza jambo moja tu: nakuja lini kuichukua gereji ili upumzike. Ni swali la haki, nami nimelipiga chenga miezi yote hii. Leo nalijibu. Ni Jumapili mchana, mama watoto ametoka na watoto, nimekaa peke yangu kwenye meza ya chakula, na tangu nimalize salamu nimeshainuka mara tatu. Mara ya kwanza nilikwenda kunywa maji wakati sina kiu. Mara ya pili nikakaza bawaba ya mlango ambayo haikulegea. Mara ya tatu hata sijui nilifuata nini. Nivumilie, maana jibu lenyewe linapitia kwenye mkanda wa mashine.

Pale kazini tunajenga ghala, na tuna tingatinga dogo la kupakia kokoto, lile fupi lenye ndoo mbele, linaloweza kugeuka palepale liliposimama. Sisi tunaliita Kifupi. Dereva wake ni mama mmoja mtu mzima, tunamwita Mama Taratibu kwa sababu hajawahi kukimbiza kitu maishani, si mashine, si maneno, si hata chakula. Kazi yao ni kubeba kokoto kutoka uani na kuzipandisha kwa njia ya mwinuko mpaka sakafu ya juu. Kazi yangu mimi, kama unavyojua, ni kuhakikisha kila chenye injini pale kinawaka asubuhi na kinazimika salama jioni.

Jumatatu ya juzi Mama Taratibu alinifuata akaniambia mkanda wa Kifupi unalia. Alisema unapiga ukelele mwembamba wakati wa kuwasha, na ukelele huo huwa mkali zaidi anapoinua ndoo iliyojaa. Nikamjibu nimeusikia, nitaushughulikia. Msimamizi naye akanijia na lake. Alisema wenye jengo watakuja kukagua wiki ijayo, na hataki wakute mashine inayolia uwanja mzima kama inachinjwa. Akaongeza, huku akicheka ili nisijue kama ni utani, kwamba akilazimika kumwita fundi mwingine kwa ajili ya mkanda tu, basi huyo fundi mwingine atabaki.

Unanijua, Baba. Maneno kama hayo hunipanda kichwani. Kesho yake niliinua juu ile mikono ya Kifupi inayobeba ndoo, nikaiwekea kile chuma cha kuizuia isishuke, nikainua chumba cha dereva na kufungua kifuniko. Mkanda wenyewe nilipoutoa ulikuwa umeng'aa kingo zote mbili, dalili kwamba umekuwa ukiteleza kwenye puli, yale magurudumu unayoyazunguka, badala ya kuyakamata. Nikafunga mpya. Hapo ungekuwapo wewe ungeniuliza: mkanda umeteleza, haya, lakini kwa nini umeteleza? Ndipo ungechukua bisibisi, ukaweka ncha yake kwenye kikombe cha beringi na mpini wake kwenye sikio, ukafumba macho. Nami nilifanya hivyohivyo. Niliwasha injini, nikaweka bisibisi, nikafumba macho, nikainamisha kichwa upande kama wewe. Nikasikiliza kwa muda wa kutosha mtu kuniamini. Kisha nikainuka, nikafuta mikono na kutangaza mbele ya watu wote kwamba kazi imekwisha, wasikilize wenyewe, kimya.

Walicheka, Baba. Mpiga lipu alikaa chini kabisa kwa kucheka. Mlinzi alikuwa ameziba masikio kwa vidole vyote viwili, akitikisa kichwa, nami nikadhani ananitania tu. Nikacheka nao. Mama Taratibu peke yake hakucheka. Alinisogelea usoni akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia sawa kabisa, mkanda mpya huo, apige kazi. Akanitazama kidogo, akapanda.

Siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, Kifupi kilikuwa katikati ya mwinuko na ndoo imejaa kokoto. Mkanda ukaungua ukakatika. Mkanda huo ndio unaopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu, basi mashine ikakosa nguvu papo hapo, ikarudi nyuma na uzito wake wote mpaka kwenye rundo la matofali chini. Hapakuwa na mtu nyuma yake. Dakika chache kabla wapiga tofali wawili walikuwa wamesimama hapohapo wakibishana mambo ya mpira, kisha wakaitwa. Mama Taratibu aligonga kiwiko kwenye fremu, kikapasuka, akashonwa nyuzi sita.

Msimamizi alinishika bega akaniuliza imekuwaje. Nami, mwanao, nikamwambia mkanda ulikuwa mbovu tangu dukani. Nilisema bila kumeza mate, na akaniamini.

Usiku huo na siku iliyofuata sikuwa na raha. Kila nilichoshika kilinidondoka. Mama Taratibu alirudi Ijumaa mkono umefungwa, akaenda moja kwa moja kwa msimamizi, na mimi nilikuwa nimesimama karibu, nikiwatazama midomo. Alimwambia kosa ni lake. Alisema mkanda ule mpya ulikuwa ukilia kuliko wa zamani, ulilia kutwa Jumanne, ukalia Jumatano, na yeye alijua angetakiwa kuzima mashine, ila aliona fundi amethibitisha, akajiambia pengine mkanda mpya hulia mpaka uzoee. Yaani mwenye nyuzi sita ndiye aliyekuwa akiomba radhi! Nilikosa pa kuuweka uso wangu.

Baba, sikiliza, na naomba usiiweke chini barua hii mpaka uimalize. Sikuusikia ule mkanda. Si Jumanne tu. Sikuusikia hata kabla, siku niliyosema nimeusikia. Mashine ilikuwa ikilia mbele ya pua yangu kiasi cha mlinzi kuziba masikio, na kwangu ilikuwa kimya, kimya kweli, na mimi nikawatangazia watu kimya changu kana kwamba ni chao. Walidhani nafanya mzaha.

Masikio yangu yamekwisha. Mwaka jana nilikwenda kwa daktari wa masikio kwa siri, mama watoto nikamwambia nakwenda kununua sili za injini. Alinifungia kwenye kijumba kidogo, akanivalisha vidude vya masikioni, akaniambia ninyooshe kidole kila nikisikia sauti. Nikakaa pale nikisubiri aanze, kumbe ameshamaliza nusu. Aliniambia sauti nyembamba zimekufa zote na hazitarudi, za kati zinakwenda, na ni ile miaka saba kwenye mashine ya kusagia mawe iliyozila, maana nilikuwa nikikataa kuvaa vizibo. Nilivikataa kwa ajili yako, nisikufiche. Nilijiambia mtoto wa fundi kama wewe hawezi kuziba sikio lake kazini, atasikiaje? Simu yako nikipokea naisikia sauti, najua ni wewe, ukikohoa najua umekohoa, lakini maneno yanayeyuka kabla hayajanifikia. Ndiyo maana naitikia ndiyo. Sijui nimeshakubali mambo mangapi. Mama watoto naye amekwisha kuninunia, anadhani nimekuwa na kiburi, akinisemesha mgongoni sigeuki.

Nimeinuka tena. Nimerudi.

Ijumaa hiyohiyo nilimwita Mama Taratibu pembeni, nyuma ya mifuko ya saruji, nikamwambia yote. Hakunipooza. Kwanza aliniuliza tangu lini. Kisha akanisema, na alihakikisha anasema taratibu ili nione kila neno mdomoni mwake: kwamba kwa kulinda jina langu la fundi nilimpandisha kwenye ule mwinuko siku tatu mfululizo, kwamba wale wapiga tofali wana watoto, kwamba masikio kufa si aibu lakini kunyamaza juu yake ni ushenzi. Nilitamani anizabe kofi yaishe. Aliondoka. Baada ya nusu saa akarudi na kiti, akakiweka kando ya Kifupi, akakaa, akaniambia haya, yeye atasikia, mimi nishike.

Jumamosi tukafanya kazi namna hiyo. Injini ikiwa imezimwa, niliizungusha kwa mkono ile puli ndogo inayokaza mkanda. Vidole vikaniambia palepale: ilikuwa ikikwaruza kwa ndani kama imemwagiwa mchanga, na springi yake imechoka, haivuti. Mambo hayo ningeyajua tangu Jumanne kama ningeviamini vidole badala ya kuigiza na bisibisi. Nilibadilisha beringi na springi, nikasafisha mafuta yaliyokuwa yamerukia puli, nikafunga mkanda mwingine. Tukawasha. Nilimtazama yeye, siyo mashine. Mkono wake mzima ulikuwa juu, maana yake mkanda unalia. Nikazima, nikapima mistari ya puli, moja imekaa nje kidogo kuliko nyingine, nikaweka washa, kile kibati cha duara chenye tundu. Tukawasha tena. Mkono wake ukashuka nusu. Nikazima, nikaongeza washa ya pili, nyembamba. Safari hii mkono ukashuka wote mpaka kwenye paja, akaniambia anataka kupakia kokoto ajaribu, akainua ndoo iliyojaa kwa mkono mmoja, na nilipomtazama alikuwa anatabasamu.

Watu wakapiga makofi. Sikusikia tofauti yoyote, Baba. Kabla na baada, kwangu vilikuwa kitu kimoja. Nilijua nimetengeneza kwa kuwa nilimwona mtu mwingine ametabasamu. Hilo liliniuma kuliko yote, nikaenda bafuni nikalia kidogo, nikanawa uso, nikarudi.

Kisha nikaenda kwa msimamizi, nikamwambia mkanda wa dukani haukuwa na kosa, nikamwambia na masikio. Hakunifukuza. Alikaa akizungusha kalamu, akaniambia kuanzia sasa hakuna mashine nitakayoithibitisha peke yangu, lazima awepo mtu wa pili mwenye masikio, na kama sitaki, mlango upo. Nimekubali. Mama Taratibu ndiye huyo mtu wa pili, na ameshaanza kunipa amri kama yeye ndiye aliyenifundisha kazi.

Sasa jibu lako. Umekuwa ukisema spana hata mjinga anaweza kuishika, fundi ni sikio, na kwamba sikio lako nimelirithi mimi. Wateja wako wanaleta magari kutoka mbali kwa sababu hiyo. Basi siwezi kuichukua gereji, Baba. Nikikaa kwenye benchi lako watakuja na magari yanayolia, nami nitawaambia yako kimya. Mpe Dada. Yuko hapo miaka kumi na moja, amefungua giaboksi nyingi kuliko mimi, na wewe bado unamtuma kumwita fundi wakati fundi ndiye yeye. Ukiwa umelala mchana, nani anawasikilizia wateja injini zao? Hukuwahi kumuuliza, na mimi sikuwahi kukuambia umuulize, kwa kuwa ilinifaa uendelee kuniona mimi. Hilo nalo nalikiri leo, na Dada nimemwomba radhi kwenye barua yake peke yake.

Kama yeye atanitaka, ghala likiisha nitakuja kufanya kazi chini yake. Mikono yangu haina hitilafu. Kama hatanitaka, nitaelewa.

Nisalimie majirani wote, na mpiga rangi wa ng'ambo ya barabara umwambie ile jeki yake ninayo, sijaiba. Mama umweleze kwa upole, usimsomee pale pa mwinuko. Wewe goti ulitunze, na dawa umeze.

Usinipigie simu ukishaisoma hii, hata ukipandwa na hasira. Niandikie. Anza na matusi kama ndiyo yaliyo karibu, andika kurasa zote unazotaka, kwa maana yaliyoandikwa, Baba, nitayapata yote.

Ni mimi mwanao,
fundi wa mikono