Ushahidi wa Mama wa Chini

3 Machi

Dada yangu, shikamoo.

Goti linasemaje? Mimi mzima, ila kitambi ndicho kinachoingia ndani kwanza, mimi nafuata.

Jamani, nimechoka na nchi hii! Nimesoma lugha yao, nimefaulu mtihani wa wafalme wao waliooza zamani, nikadhani yamekwisha. Kumbe! Karani kanipa fomu nyingine: jirani mmoja, raia, athibitishe kwamba ananifahamu. Mwisho tarehe 30 Aprili. Nikikosa, sipati ukaazi wa kudumu, na Mama haji kwangu.

Miaka sita nawashonea nguo. Viuno vyao navijua kuliko madaktari wao. Lakini nani ananijua mimi? Labda yule mama wa chini, wa ghorofa iliyo chini yangu, anayenibandikia karatasi mlangoni kila wiki kulalamikia cherehani.

Afadhali nyie wahamiaji wa huko hamtahiniwi.

Mdogo wako, fundi

19 Machi

Mdogo wangu, marahaba.

Goti limegoma. Wagonjwa wodini wananionea huruma, wakati mimi ndiye nimeajiriwa kuwahurumia.

Kweli, huku hatutahiniwi. Nilipofika nilipewa ufunguo, ramani ya mabasi na namba ya simu ya msaada. Mwaka wa kumi na moja huu naipiga, inanipigia muziki. Kibali kililetwa na posta. Hakuna aliyeuliza najua nini, wala mimi nani.

Lakini fomu ya kumleta mzazi ni ukurasa mmoja tu. Acha kujitesa. Mama aje kwangu.

Dada yako

28 Aprili

Dada, shikamoo, na pole na goti.

Usimkatie Mama tiketi kwanza! Nilimgongea mama wa chini, nimenywea kama mwanafunzi mchelewaji. Akafoka: “Miaka sita nakulalamikia, leo nikusifu?” Akanifungia mlango.

Jana nikaenda ofisini mikono mitupu. Namkuta huyo, amekaa na faili kubwa. Nikajua leo narudishwa kwetu. Kumbe ni nakala za karatasi zote alizonibandikia, kila moja na tarehe yake. Karani akasoma kwa sauti: “Ameanza kushona saa moja kamili.” “Anaimba, na hajui kuimba.” “Kimya siku mbili. Nimegonga, kumbe ana homa. Nimempelekea supu. Bakuli hajarudisha.”

Karani akapiga muhuri. “Mke wangu hanijui hivi,” akasema.

Mama wa chini hakucheka. “Bakuli langu,” akaniambia.

Basi Mama aje kwangu. Au bado unabisha?

Mdogo wako, fundi

11 Mei

Mdogo wangu, marahaba, na hongera.

Nilicheka hadi wodi nzima ikageuka. Halafu nikarudi nyumbani, nikawaza.

Jumamosi mchana niliburuta kabati sebuleni, huku na huko, saa nzima, na goti hili bovu. Jumapili nikaliburuta tena. Kila mara nafungua mlango nitazame kama kuna karatasi. Hakuna hata ya kunitukana.

Sikukuambia: Februari, mzee wa mlango wa pili alifariki chumbani kwake. Tulijua siku ya tisa. Mimi, muuguzi, ukuta mmoja naye.

Sibishi tena. Mama aje kwako.

Rudisha bakuli la watu. Na umwambie huyo mama wa chini anunue karatasi za kutosha: Mama ndiye aliyekufundisha kuimba.

Dada yako