Ulichuchumaa Mlangoni Kwako

Mpendwa Baba Mwanaidi,

Nakuandikia nikiwa bado ndani ya eda, hapa Kimamba. Hasira yangu hata kisomo cha arobaini hakikuituliza.

Nakumbuka siku uliyotoka gerezani. Mwanaidi alikukimbilia akasema, "Shikamoo baba." Badala ya kuitikia marahaba ulichuchumaa, mikono kichwani, kama uko mbele ya askari. Mtoto akadhani ni mchezo, akachuchumaa naye huku akicheka. Mimi nikaingia jikoni kuchochea moto uliokuwa unawaka vizuri tu.

Hakimu alisema adhabu ya kusafirisha watu kwa magendo imeongezwa, ili wewe urekebike na madereva wengine wajifunze. Kosa lako silikatai. Uliwaficha binadamu katikati ya marobota ya katani, chini ya turubai, kwenye jua lile. Wangeweza kufa. Lakini ulikamatwa Mikumi kwa sababu ulisimama kulifungua turubai uwape maji. Gereza lilirekebisha nini hapo? Lilichukua mtu aliyeimba akinyoa ndevu, likanirudishia mtu anayeomba ruhusa kwenda chooni nyumbani kwake, pamoja na kifua kilichokuua.

Na ulipofungwa, lori ulilokuwa ukiliendesha halikupumzika hata wiki. Nililiona likipita, turubai lilelile, dereva mwingine. Redio inasema wanyonyaji wamekwisha nchini.

Juzi tajiri wako, mwenye lori, alikuja kutoa pole. Alikaa mkekani nje na mdogo wako Salumu, mimi niko ndani nawasikia.

"Leseni unayo, kijana," akamwambia. "Kiti cha kaka yako kiko wazi."

Salumu akanyamaza. Ukimya ule naujua. Ndivyo ulivyokuwa ukinyamaza wewe kabla ya kukubali.

Nikasema kutoka ndani, "Shemeji, muulize tajiri, siku ya hukumu yeye alikaa kiti gani?"

"Mama Mwanaidi, hayo ni mambo ya serikali," tajiri akajibu.

"Basi liendeshe mwenyewe. Ukifungwa ukatoka, nitamleta Mwanaidi akuamkie. Tuone kama utaitikia."

Hakumaliza chai yake. Alipoondoka, Salumu alikuja mlangoni akauliza jembe lako liko wapi. Nikamwonyesha.

Lala salama, mume wangu. Huko uliko usimchuchumalie mtu.

Mkeo,
Mama Mwanaidi