Indiketa ya Gari la Baba

Jumanne, 4 Machi

Baba kasema! Neno moja tu, lakini kasema. Tunatoka kliniki, nimewasha indiketa kukata kushoto pale kwenye duka la magodoro. Tik, tok, tik, tok. Kidole cha mkono wake mzima kikaanza kugonga goti, sawia na mlio. Halafu: "Kata."

Nusura nipande ukingo wa barabara. Ndilo neno lake la kazi hilo. Maisha yake yote alifundisha udereva, na kila kona alisema hivyo hivyo, "kata", hata kwangu mimi, kwenye gari hili hili. Tangu kiharusi kimpige hajatamka kitu. Kona iliyofuata, tena! Nyumbani nimejaribu kumgongea meza kwa kijiko. Wapi. Ananitazama kama mwehu.

Nimempigia simu mtaalamu wa mazoezi wa kliniki, kasema huo mlio ndio kamba ya kuvutia maneno mengine, tuushike. Mama yuko kwa dada, kamwendea uzazi. Nikamwambia nitarekodi. Kakataa. Sauti ya mume wake haisikilizi kwenye simu, ataisikia mwenyewe akirudi. Atapanda nasi Alhamisi ya wiki ijayo.

Jumatano, 5 Machi

Balbu moja ya indiketa inafifia. Isije ikazimika mama akiwa ndani! Nimekwenda kwa Fundi Miwani, anayetengeneza umeme wa magari. Nilitaka balbu moja tu. Kasema moja ya nini, weka LED zote, zinang'aa, utazisahau. Nikakubali. Hazikuingia kwenye soketi za zamani, basi kazikata akaunga waya. Vya zamani vyote vimekwenda na gari la taka.

Narudi, nawasha indiketa — tiktiktiktiktik! Cherehani ya mtu anayekimbizana na sikukuu.

Alhamisi, 6 Machi

Baba kajaribu. Mungu wangu, kajaribu. Kidole kinaukimbiza ule mlio, kinapotea, kinaanza upya. Jasho kwenye paji la uso. Mwisho akauficha mkono chini ya paja, akageukia dirisha.

Na hiki kiherehere changu! Nani alinituma?

Jumamosi, 8 Machi

Fundi kanieleza. Kile kidude kinachowasha na kuzima taa, flasha, ndicho kinacholia. LED zinakula umeme kidogo mno, kwa hiyo kinadhani balbu imeungua, kinapiga mbio kumshtua dereva. Dawa: rezista, za kula umeme uliobaki. Akafunga. Tik, tok, tik, tok! Nilitaka kumkumbatia na grisi zake zote.

Kabla sijafika nyumbani, harufu. Moshi nyuma! Rezista zinachemka, naye kazibana kwenye plastiki. Imeyeyuka kama mshumaa. Heri baba hakuwemo, hawezi hata kujifungulia mlango. Nimemrudia fundi, nikamwambia azing'oe. Anasema angezifunga kwenye chuma zisingeleta shida. Mbona hakusema mapema? Sitaki tena kitu cha moto kwenye gari analopanda baba.

Jumatatu, 10 Machi

Soketi za zamani, za kurudishia balbu za kawaida, hakuna. Nimezunguka maduka ya spea mpaka viatu vimenikosea heshima. Muuzaji mmoja kacheka, kasema nimuulize aliyeunda gari, kama bado yu hai. Mama kapiga simu. Keshafungasha. Anauliza kama baba bado anasema. Nimesema mtandao unakatika.

Jumanne, 11 Machi

Nimempeleka kliniki bila kuwasha indiketa. Kila kona natoa mkono dirishani kama mwendesha baiskeli. Dereva wa lori kanitukania ukoo mzima. Baba kaniangalia, katikisa kichwa polepole, kama alivyokuwa akitikisa kwa wanafunzi waliofeli.

Kwenye mazoezi hakugonga kitu. Mtaalamu kauliza tumebadilisha nini. Nimeona aibu kusema balbu.

Jumatano, 12 Machi

Fundi kapata flasha ya kisasa, iliyotengenezwa kwa LED. Haina moto, haina rezista. Kaifunga, mimi nimesimama nyuma ya gari natazama. Inawaka, inazima, taratibu kabisa, mwendo ule ule wa zamani! Jirani yake anakata chuma, cheche na kelele, hatusikilizani, tunaonyeshana dole gumba tu. Njiani mvua ya mawe juu ya bati la gari, hata injini sikuisikia. Sijali. Nimeimba mpaka nyumbani.

Mama kafika. Kapiga pasi gauni la kesho, lile la bluu. Nikamwambia tunakwenda kliniki, si harusini. Kasema mimi sijui kitu.

Alhamisi, 13 Machi

Naandika humu humu garini, daftari juu ya usukani. Tuko nje ya kliniki. Hakuna anayeshuka.

Pale kwenye magodoro niliwasha. Mshale wa kijani kwenye dashibodi ukawaka, ukazima, ukawaka. Mwendo sawa kabisa. Na kimya. Kimya kama maji mtungini! Flasha hii hailii. Hailii kabisa, na mimi mjinga sikuisikiliza hata mara moja. Baba aliuona mshale. Kidole kikanyanyuka juu ya goti, kikabaki hapo hapo hewani, kinasubiri. Mama nyuma kajisogeza, sikio begani kwake, kashika pumzi. Magari yananipigia honi. Nikajaribu kugonga kwa ulimi, tik, tok — mdomo umekauka, mapigo yakaenda kombo. Baba hata hakunitazama. Macho kwenye mshale.

Nikakata. Kona nyingine, vile vile. Nimefika hapa nimeegesha, nimeiacha inawaka, sijui kwa nini. Naogopa kuizima. Kidole bado kiko juu. Mtaalamu yuko mlangoni anatupungia mkono.

Mama kanigusa bega, sauti ya chini, asimkatize mumewe.

"Mwanangu, una hakika umewasha?"