Kapu la Halima

Alhamisi usiku, Garsen

Na nilimwambia kabisa Halima, ninayesuka naye, asuke kwa matundu, maana ni kapu la nguo chafu, nguo zataka hewa. Lakini yeye ni Muorma, amezoea kusuka vyombo vya maziwa. Ameubana ukindu hadi mwanga haupiti.

"Kapu la matundu ni aibu, Mama Yona."

Nikaogopa. Mke wa mwenye duka la vyuma ndiye mteja wetu wa kwanza, na haoni haya kurudisha kitu.

Leo amekuja, akafunua kifuniko, akaingiza kichwa chote.

"Shoga zangu! Basi harufu ya soksi za mzee itabaki humu humu."

Amelichukua, na dada yake ataka lake.

Nimemwomba Halima anifundishe kubana. Amecheka, kisha akaifumua kazi yangu yote ya matundu, nianze upya.