Aliyepita Njia ya Nguruwe

Jumapili, 4 Mei

Mwenyekiti wa wakulima kaja asubuhi na boksi kwapani. Kamera. Ya kufunga kwenye mti — mnyama akipita inapiga yenyewe, bila mwanga wala mlio. Wamechanga wote wenye mashamba bondeni. Kanikabidhi mimi kwa sababu bunduki ya Baba sasa iko kwa jina langu, na kwa sababu fundi wa friji kama mimi, kwa maoni yake, anaelewa kila chenye waya. Hii haina waya hata mmoja. Sikumbishia.

Nguruwe ni yule yule. Dume, sikio la kushoto limechanika. Hatafuni ovyo kama wenzake: anapita mstari kwa mstari, anaangusha bua, anaonja, anakwenda linalofuata. Tunamwita Mkaguzi. Ameshakagua robo ya mahindi ya bondeni na bado ana nguvu za kazi.

Nimeifunga kamera hatua chache kutoka ulingo wangu, jukwaa la mbao la kuvizia wanyama, penye njia yao. Baba alitaka kujua nimeifunga wapi. Alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu, mkono wa kulia umelala mapajani kama wa kuazima. Nikamweleza. Akasema wawindaji wa siku hizi wanawinda betri. Kisha akauliza tena — mti upi hasa?

Jumanne, 6 Mei

Niko ulingoni. Daftari hili sasa nalibeba kwenye mkoba wa risasi. Huku hakuna kuongea, hakuna kukohoa, na ngazi yenyewe inalia mtu akipanda. Penseli haina kelele.

Picha za kwanza. Unachomoa kadi kwenye kamera, unaichomeka kwenye kidude, kidude kwenye simu, unatazama papo hapo. Mwenyekiti alisema nizipeleke nyumbani tuzione pamoja. Nani ana subira hiyo!

Nyasi. Nyasi. Makalio yangu nikiondoka — kumbe ndivyo ninavyotembea. Nyasi. Halafu yeye, ubavu mzima, macho yanawaka. Mnyama mzuri. Nimemtazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kurudisha kadi nusura nisahau. Bila kadi kamera ni boksi tu.

Jumatano, 7 Mei

Mkubwa wa maabara kampigia Dada wakati tunakula. Dada akapokea akiwa amesimama, mkono mmoja kiunoni. Ndiyo. Ndiyo, naelewa. Hapana, baba bado hajaweza.

Habari ni hii: Baba alipopigwa na kiharusi mwaka jana, Dada alichukua likizo bila malipo akaja kumuuguza. Akaongezewa. Akaongezewa tena. Sasa basi. Jumatatu tarehe kumi na tisa awe mbele ya darubini yake huko mjini, la sivyo kiti anapewa mwingine. Miaka yote ile ya kusoma usiku, na damu za watu anazijua kwa sura!

Tukapiga hesabu ya mikono. Mimi natoka asubuhi narudi jioni. Nani atamnyanyua kitandani, nani atamwogesha, nani atamweka kitini? Baba akaongeza sauti ya redio. Halafu akaipunguza, akasema: nenda zako mama, mimi nitajifia polepole.

Dada alicheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa nilimwona Baba akimchungulia kama anacheka.

Ijumaa, 9 Mei

Mvua. Friji mbili za bucha, zote gesi imeisha. Mkaguzi kamaliza mistari miwili mingine. Mwenyekiti kanipigia kunijulisha, kana kwamba mimi ndiye niliyemtuma.

Jumamosi, 10 Mei

Naandika nikiwa nimefunga mlango.

Nilipanda ulingo baada ya chakula. Nikaweka risasi, nikatoa simu, nikaanza kutazama. Nyasi. Ndege. Nyasi. Mguu wa suruali.

Nikasema mwizi wa kamera. Nikafungua inayofuata.

Baba. Alhamisi alasiri. Amesimama! Kofia kichwani, mkongojo kaukumbatia kwapani kama mwavuli siku isiyo na mvua. Picha inayofuata, mguu wa kulia uko mbele. Inayofuata, wa kushoto. Wa kulia anauburuta kidogo, lakini anatembea, na anatembea kwenye mteremko ambao mimi mwenyewe hunitoa jasho.

Kitu cha kwanza nilichofanya: nikatoa risasi kwenye bunduki, nikaitia mfukoni. Cha pili: nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikaziba mdomo. Cha tatu: nikakasirika, na hasira ndiyo niliyoshuka nayo.

Alhamisi na Jumamosi alasiri Dada huenda zahanati kusaidia, anarudi jua likizama. Basi ndipo mzee wetu anapopata miguu. Jumamosi hii hakutoka kwa sababu alijua mimi niko porini. Sababu sihitaji kuitafuta: siku akionekana mzima, Dada anapanda basi. Ila nashangaa, aliulizia mti mara mbili, halafu akapita mbele yake kama mtu anayekwenda sokoni. Kasahau. Ni umri.

Nilimkuta kitini, blanketi magotini.

— Leo ameonekana nani?

— Mkaguzi.

— Peke yake?

— Peke yake, Baba.

Akageukia redio. Nikaenda kuoga.

Jumatatu, 12 Mei

Asubuhi mimi ndiye niliyemnyanyua, Dada ana mgongo. Ameniachia uzito wote, kilo kwa kilo. Anaijua kazi yake. Polepole, ananiambia, utajiumiza. Karibu nimwachie aanguke nione kama hatajidaka.

Sijamwambia Dada. Nikimwambia, ataondoka akiwa amedanganywa mwaka mzima na baba yake mzazi. Nisipomwambia, hataondoka, na kiti kimekwenda. Nimekaa na jambo hili siku mbili na halipungui.

Dada barazani, anachambua suruali ya Baba kabla ya kuiloweka. Anatoa kitu kimoja kimoja kwa kucha. Nikamuuliza nini hicho. Uzi tu, akasema.

Alhamisi, 15 Mei

Kutoka kazini moja kwa moja mpaka kwenye kamera. Sikupanda hata ulingo, nimezitazama nikiwa nimechuchumaa chini ya mti.

Yumo. Leo hii hii, alasiri. Amevaa shati la kola, lile la vikao. Kwenye picha moja ameinama anasoma nyayo, kidole ardhini, kama alivyonifundisha mimi nikiwa darasa la pili. Kwenye nyingine ameegemea mti anapumua. Uso uko wazi kabisa. Hata upara unaonekana, kofia kaishika mkononi.

Sijazifuta. Nimejaribu mara tatu kuzifuta, na mara tatu kidole kimegoma.

Usiku mezani Baba akaanza mwenyewe. Yule dume wako kwato ya mbele imepasuka, anaegemea kushoto, usimngoje upande wa kulia.

— Umejuaje, Baba?

— Si wewe umeniambia?

Sikumwambia. Sikujua hata mimi. Tukatazamana. Alikuwa ananitazama kama mwalimu anayengoja jibu ambalo ameshalitoa nusu. Nikanywa maji. Dada aliendelea kukata vitunguu, wala kisu hakikupoteza mwendo.

Ijumaa, 16 Mei

Mwenyekiti alikuja karakana, nikiwa kichwa ndani ya friji. Anataka picha. Nikamwonyesha za nguruwe tu, kidole changu kikifanya kazi ya pazia.

Mbona anaonekana vizuri hivyo na hufyatui? Nikasema risasi zimepata unyevu. Akanitazama! Akasema hana ugomvi na mimi, ila mahindi hayajui udhuru. Kuanzia Jumatatu analeta wapigaji wawili kutoka ng'ambo ya mto, watakaa pale kutwa, na watapiga chochote kitakachotikisa nyasi kwenye njia ile.

Chochote. Nikakata kidole kwenye bati la friji na sikusikia maumivu mpaka jioni.

Basi imeamuliwa na wengine. Kesho namwambia Dada.

Jumamosi, 17 Mei

Ulingoni. Dada yuko pembeni yangu! Nieleze, maana nalazimika kufanya kitu na mikono.

Asubuhi kabla sijafungua mdomo, kanivuta nyuma ya nyumba. Twende wote porini leo, nataka kumwona huyo Mkaguzi kabla siku hazijaisha. Ila Baba asijue, atanung'unika. Wewe sema umeitwa mjini kwenye friji la mochwari, lile haliwezi kusubiri. Nikamwambia Baba hivyo. Akasema pole, wateja wa huko hawalalamiki. Dada naye akatoka mlango wa mbele na koti lake jeupe, kama kila Jumamosi, akazunguka kwa kisimani, tukakutana chini ya ulingo. Koti kalikunja kalikalia.

Bunduki ninayo, risasi ziko nyumbani.

Nilichomoa kadi tukiwa bado chini. Nilipanga kusema kwanza, kumwonyesha baadaye. Tulipopanda akanyoosha mkono tu: lete simu, mdogo wangu. Nikampa. Sijui kwa nini. Pengine nilitaka picha zimwambie mimi nisiwepo.

Nyasi. Mkaguzi. Akatabasamu, mkubwa kweli. Nyasi. Ndege. Nikaanza kutazama mahindi.

Kidole chake kikasimama. Akakuza picha. Akaitazama sana. Kisha kwa sauti ya chini, sauti ya ulingoni:

— Hii suruali niliichambua Jumatatu. Vimbegu vya vishona nguo vya porini mpaka kwenye pindo.

Nikamuuliza amejua tangu lini. Tangu mvua zilipoanza, akasema. Unafikiri mtu wa kukaa kitini anachafua soksi?

Sikuamini. Nikamuuliza basi kwa nini kila siku tunamnyanyua, kwa nini ulimwambia mkubwa wako hajaweza. Alikuwa anazungusha simu mkononi.

— Kule nikirudi jioni nafungua mlango mwenyewe. Naingia, nawasha taa mwenyewe. Hapa kuna mtu ananiuliza nimechelewa wapi.

Hakulia. Kasema kama anavyosoma majibu ya damu. Nikataka kumkumbatia, ila ulingo wenyewe ni mbao nne.

Sasa nyasi zinatikisika. Namshika mkono. Si nguruwe.

Baba anateremka. Shati la kola, viatu vya ngozi, vile vya harusi za watu. Mkongojo hakuja nao kabisa. Anaburuta, anasimama, anaburuta. Dada ameniminya kidole kile chenye kidonda na simwambii kitu.

Amefika kwenye mti. Nilidhani atapita. Hakupita. Amegeuka akaielekea kamera. Amevua kofia. Amefunga kifungo cha juu. Kwa mkono wa kushoto amekamata ule wa kulia, ameunyoosha ubavuni, ameuachia — umekaa. Amesimama wima kama mtu wa picha ya pasipoti.

— Anafanya nini? ananinong'oneza Dada.

— Anapigwa picha.

Mti upi hasa. Mimi nilidhani anauliza apite mbali nao! Kumbe alitaka kujua asimame wapi. Ameonekana nani leo? Peke yake? Kila jioni alikuwa anangoja nimwone, na kila jioni nikamjibu nguruwe. Mwenyewe hawezi kumwambia Dada nenda, nimepona — alishachelewa sana, na aibu imemfunga. Ameiachia kamera imsemee.

Haina mlio wala mwanga, kwa hiyo hajui kama imempiga. Anaendelea kusimama. Goti la kulia limeanza kutetemeka, naliona toka hapa.

Haijampiga. Kadi iko kwenye simu. Simu iko mkononi mwa Dada.

Dada ametazama kamera, ametazama simu, ameelewa. Amevaa koti lake jeupe, hata sijui kwa nini, na amefunga vifungo vyote. Namwonyesha kwa kidole: subiri, ngazi inalia kwenye kipande cha tatu, itamshtua. Ameniona, na bado anashuka kwa Baba. Ameshakanyaga cha pili.